KIU ISIYOKWISHA: DAWA YA DESMOPRESINI NA MATUMIZI YAKE SALAMA

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Mwanzo 21:14-19, Kutoka 17:1-7, Esta 4:15-17, 1 Timotheo 5:23.



Somo hili tumeliandika kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Katika maombi ya mwanzo wa mwaka tuliwaalika wote wafunge siku tatu kwa mfano wa Esta, bila chakula na bila maji. Binti mmoja wa miaka 13 wa kanisa letu aliomba kujiunga, nasi wazee tukafurahi. Tulijua kwamba alipasuliwa kichwani huko Mbale, na tulijua kwamba kila asubuhi na jioni hupuliza dawa puani. Lakini mmoja wetu akamwambia mama yake kwamba aliyefunga kweli huacha hata dawa. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, binti akakutwa amelala nyuma ya kanisa, midomo imepasuka, ulimi umekauka, anasema maneno yasiyofuatana. Wako walioanza kukemea pepo. Muuguzi mmoja wa kituo cha afya, aliyekuja kusali kama sisi, ndiye aliyeuliza: "Mtoto huyu amekunywa maji lini?"

Binti yule alipona, na tunamshukuru Mungu. Mama yake ametuomba tuandike habari hii ili mtu mwingine asipite njia ile ile. Tumeuliza waganga, tumesoma, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Ugonjwa wenyewe

Figo za mtu mzima huchuja yapata lita 180 za maji kwa siku. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachobaki, lita 1 au 2, ndicho mkojo. Anayeziamuru figo zirudishe maji ni homoni iitwayo vasopresini. Hutengenezwa ndani ya ubongo, kisha huhifadhiwa katika tezi ya pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere inayoning'inia chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua. Homoni hiyo ikikosekana, figo hazipati amri, na maji hupita tu kama bomba lililoharibika koki. Mtu mzima mwenye ugonjwa huu hukojoa zaidi ya lita 3 kwa siku. Wengine hufika lita 10 na kuzidi. Mkojo wake ni mweupe kama maji. Usiku haulali naye, mara chooni, mara kwenye mtungi.

Madaktari waliuita ugonjwa huu dayabetisi insipidasi. Jina hilo limeleta taabu nyingi, kwa kuwa mtu akisikia "dayabetisi" hufikiri sukari. Mgonjwa hupimwa sukari kidoleni, huonekana mzima, hurudishwa nyumbani. Au vibaya zaidi, hupewa dawa za sukari asizozihitaji. Kwa ajili hiyo, mwaka 2022 wataalamu wa homoni walikubaliana kubadili jina, waseme upungufu wa vasopresini. Lakini katika vyeti vingi bado mtaona jina la zamani. Sisi huku tuseme kwa urahisi: kuna kisukari cha sukari, na kuna ugonjwa huu wa maji. Yote miwili huleta kiu na mkojo mwingi, ila haitibiwi kwa dawa moja.

Hupatikanaje? Wengine huupata baada ya kupasuliwa uvimbe ulio karibu na tezi ile, kama binti yetu. Wengine baada ya kuumia kichwa, iwe kwa ajali ya bodaboda, iwe kwa kipigo tulichopata wakati wa kukimbia. Homa ya uti wa mgongo na kifua kikuu cha ubongo navyo vyaweza kuharibu tezi. Mara chache mtu huzaliwa nao. Hakuna mahali popote katika orodha hii penye uchawi, wala pepo wa maji.

Kwa nini tunataja Jinja na Mbale

Familia nyingi za kwetu zenye watoto wa kichwa kikubwa, au uvimbe wa ubongo, hupelekwa Mbale, katika hospitali ya watoto ya CURE. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 hospitali ile imekuwa ikipasua ubongo wa watoto, na njia ya kutibu kichwa maji bila kuacha mpira mwilini, aliyoianzisha pale Dakta Benjamin Warf, imefundishwa hata kwa madaktari wa nchi tajiri. Wazazi wakirudi kutoka huko hurudi na furaha, na pengine na karatasi ambayo hakuna mtu hapa makazini anayeielewa. Ikiwa katika karatasi hiyo mmeandikiwa desmopresini, basi somo hili ni lenu.

Lakini kuna jambo la pili, nalo huwahusu watu wengi zaidi. Katika Uganda nzima, uchunguzi uliofanywa mwaka 2014 na 2015 kwa kupima damu za watoto wachanga ulionyesha kwamba 13.3% walikuwa na mbegu ya selimundu (wengi husema sikoseli), na 0.7% walikuwa na ugonjwa wenyewe. Mtoto wa selimundu naye hukojoa sana na kulowesha kitanda, kwa sababu seli zake zimeumiza figo, nazo haziwezi tena kuhifadhi maji vizuri. Huyu hakukosa homoni. Amri inatolewa, figo ndizo zisizoweza kutii. Kumnunulia dawa ya jirani kwa kuwa dalili zinafanana ni kupoteza fedha na kumtia hatarini. Anachohitaji ni maji ya kutosha, na kliniki ya selimundu. Ziko katika hospitali za rufaa za Jinja na Mbale, na mahali pengine.

Kwa hiyo mtu akiwa na kiu isiyokwisha, kwanza apimwe sukari, kisha mkojo na chumvi ya damu iitwayo sodiamu, na mtoto apimwe selimundu pia. Kuna kipimo kingine ambacho mgonjwa hunyimwa maji kwa saa kadhaa huku akipimwa uzito, damu na mkojo. Hicho ni cha hospitali, chini ya macho ya daktari. Tunalisema hili kwa sauti, kwa kuwa tunawajua akina baba waliowanyima watoto maji kuanzia saa kumi jioni ili wasilowanishe kitanda. Kama mtoto ana ugonjwa huu, kumfungia maji ni kumkausha akiwa hai.

Dawa inafanya nini

Zamani wagonjwa walivuta puani unga wa tezi za wanyama waliochinjwa, kama mtu anavyovuta ugoro. Baadaye Mmarekani Vincent du Vigneaud aliweza kuitengeneza vasopresini katika maabara. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1955. Homoni ile hata hivyo haidumu mwilini. Mwaka 1967, wanakemia wa Prague walitengeneza ndugu yake anayedumu saa nyingi zaidi bila kupandisha sana shinikizo la damu. Ndiyo desmopresini.

Iko ya kupuliza puani, ya vidonge vya kumeza, ya vidonge vinavyoyeyuka chini ya ulimi, na ya sindano. Hapa pana mtego. Mpulizo mmoja wa puani mara nyingi una mikrogramu 10. Kidonge cha kumeza huandikwa miligramu 0.1 au 0.2, yaani mikrogramu 100 au 200, kwa sababu tumbo hupitisha sehemu ndogo sana ya dawa. Kile cha chini ya ulimi huja cha mikrogramu 60, 120 au 240. Kwa hiyo mkipewa aina tofauti na ile mliyoizoea, msijihesabie wenyewe. Arudi kwa aliyeandika dawa, au kwa mfamasia, aandikiwe upya kwa maneno: ngapi, saa ngapi, kwa njia gani.

Chupa mpya ya kupuliza hubonyezwa hewani mara chache mpaka itoe ukungu, ndipo huanza kutumika. Chupa nyingi zina mipulizo 50. Baada ya hapo hata kama kuna tone limebaki chini, kipimo chake hakiaminiki. Mwenye mafua makali aijulishe kliniki, kwani pua iliyoziba hainyonyi dawa sawasawa. Kuhusu kuihifadhi, someni kartoni, maana chupa nyingine zinataka friji na nyingine zinataka tu pasipozidi nyuzi 25. Nyumba zetu za mabati saa nane mchana zinazidi hapo. Chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, kivulini, kinasaidia. Vidonge vikae pakavu.

Safari ya kwenda Mbale

Turudi kwa binti yetu. Baada ya hofu ya siku zile za kufunga, mama yake aliapa kwamba mtoto hatakauka tena. Miezi miwili baadaye walipanda basi kwenda Mbale kwa kuangaliwa. Mama aliogopa aibu ya kusimamisha basi kila mara, akampulizia mara mbili zaidi ya kawaida asubuhi ile. Na kwa kuwa aliogopa kiu, akamnywesha. Namawojjolo, pale wauzaji wanapolizunguka gari na kuku na gonja, alimnunulia soda na chupa ya maji, kisha nyingine. Mtoto hakuomba, alikunywa kwa utii. Walipokuwa wanavuka daraja la Nile kuingia Jinja alisema kichwa kinamgonga. Kabla ya kituo alitapika. Mama, Mungu ambariki, hakusema "ni basi tu". Walishuka Jinja, akapelekwa hospitalini, damu ikapimwa, na sodiamu ilikuwa imeshuka sana.

Hili ndilo wengi hawalijui. Dawa hii inafunga koki. Koki ikiwa imefungwa na mtu akaendelea kumimina maji, maji hayana pa kutokea. Damu huwa nyepesi, sodiamu inashuka chini ya kiwango chake, ambacho ni kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, na ubongo huanza kuvimba. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, usingizi mzito, kuchanganyikiwa, kisha degedege, na mwisho kuzimia. Mkojo huwa kidogo na mwili huongezeka uzito kwa siku moja. Mkiona hayo kwa anayetumia desmopresini, msimpe dozi inayofuata, msimlazimishe kunywa, mpelekeni hospitalini mara moja apimwe sodiamu. Wala msimpe maji ya chumvi kwa kubahatisha nyumbani. Sodiamu iliyoshuka hupandishwa polepole na daktari, kwani kuipandisha haraka kunaumiza ubongo.

Basi kanuni ambayo mama yule sasa anaifundisha wengine ni hii: kunywa ukisikia kiu, acha kiu ikiisha. Si kwa ratiba, si kwa adabu ya wageni. Na kabla ya dozi nyingine, koki ifunguke kwanza: mgonjwa aone mkojo umerudi kuwa mwingi na mweupe, dalili kwamba dozi iliyopita imeisha. Madaktari wengine hupanga kwamba kila siku, wengine mara moja kwa wiki, dozi icheleweshwe kwa makusudi ili maji yaliyozidi yatoke. Muulizeni wenu anataka lipi. Mkisahau dozi, msirudishe kwa kupuliza mara mbili. Kwa safari ya basi, ongeeni na kondakta mapema. Kuomba kushuka kando ya barabara si aibu inayozidi degedege.

Wako wachache ambao kanuni ya kiu haiwafai, kwa kuwa upasuaji umeharibu hata mahali pa kuhisi kiu. Hao hupangiwa kiasi cha maji na kupimwa uzito kila siku. Mtoto mchanga naye hawezi kusema. Kwa hao fuateni karatasi ya daktari neno kwa neno.

Homa, dripu na dawa nyingine

Malaria haimwachi mtu kwa kuwa ana ugonjwa mwingine. Akitapika au kuharisha, mgonjwa wetu hupoteza maji na chumvi pamoja, na hesabu yote inabadilika, asingoje nyumbani. Na akifika kituoni, jambo la kwanza kumwambia muuguzi ni jina la dawa hii. Dripu ya maji ya sukari ikiachwa ikimbie kwa mtu ambaye koki yake imefungwa na desmopresini, sodiamu inaweza kuporomoka. Wengi wetu tunaamini dripu kuliko kidonge, hata tunagombana na wauguzi wasipoitundika. Mbale ilikuwa mojawapo ya mahali palipofanyika uchunguzi mkubwa uitwao FEAST, uliotangazwa mwaka 2011, juu ya watoto 3,141 wa Afrika Mashariki wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Waliotiliwa maji mengi ya haraka mshipani walikufa zaidi kuliko wale ambao hawakutiliwa. Watoto wale hawakuwa na ugonjwa huu wetu, lakini habari yao ituondolee ile imani kwamba maji ya mshipani hayadhuru.

Dawa kadhaa za kawaida huongeza hatari ya sodiamu kushuka: ibuprofeni na diklofenaki za maumivu, kabamazepini ya kifafa, amitriptilini ya usingizi na majonzi, na baadhi ya vidonge vya presha vinavyokojoza. Loperamidi ya kuzuia kuhara huongeza dawa ya kumeza inayoingia damuni. Hatusemi mwenye kifafa aache kabamazepini, maana watoto waliopasuliwa kichwa wengi huihitaji. Tunasema daktari ajue zote mbili, apime sodiamu.

Upande wa pili ni kunyimwa dawa, nao unaua pia. Mwaka 2009, kijana wa miaka 22 mwenye ugonjwa huu alilazwa katika hospitali moja ya London kwa upasuaji wa nyonga. Hakupewa dawa yake. Kiu ilimzidi hata akapiga simu polisi kuomba maji, na akafariki. Mwaka 2016 hospitali zote za Uingereza zilipelekewa onyo kwamba kuichelewesha desmopresini kunaweza kuua. Kama liliweza kutokea kule, sisi tusitegemee kumbukumbu ya mtu. Kila familia iombe kliniki barua fupi kwa Kiingereza, maana Kiswahili chetu cha Kongo hakifiki mbali katika wodi za Jinja au Mbale: jina la ugonjwa, jina la dawa, kiasi, na maneno "si kisukari". Tengenezeni nakala. Moja ikae na dawa, nyingine kwa shemasi.

Dawa ikikosekana

Si dawa mtakayoikuta katika kila duka, na bei yake ni mzigo. Msingoje chupa ifike mwisho ndipo mtafute. Ikikatika, kumbukeni kwamba mwenye kiu nzima na maji tele anaweza kuishi wakati dawa inatafutwa. Atachoka, hatalala, lakini hatakauka. Hapo ndipo kanisa linaingia. Kipimo kinacholengwa katika makazi ya wakimbizi ni lita 20 kwa mtu kwa siku, jerikeni moja, bidoni moja kama tulivyosema nyumbani, kwa kunywa, kupika na kuoga. Mtu anayepoteza lita 8 anakunywa karibu nusu ya jerikeni yake. Mama wa binti huyu alikuwa akigombezwa bombani kwamba anachota kwa kuuza. Sasa vijana wa kwaya wanamletea jerikeni moja zaidi kila jioni, na kiongozi wa bomba ameelezwa.

Neno moja kwa wazazi wa watoto wanaolowesha kitanda, nao ni wengi tangu tulipotoka makwetu. Dawa hii hii pengine huandikwa kwa mtoto mkubwa anayekojoa usiku tu. Kwa huyo masharti ni mengine: ni vidonge, si ya puani, ambayo Marekani iliikataza kwa kazi hiyo mwaka 2007 baada ya watoto kupata degedege, na hanywi maji tangu saa moja kabla ya dawa mpaka saa nane baada yake. Msichanganye masharti hayo na ya mwenye ugonjwa wa maji.

Kuhusu kufunga

Tumeomba toba mbele ya kanisa, na sasa tumekubaliana hivi. Mwenye ugonjwa huu hafungi bila maji, hata nusu siku. Hata ile funga ya kunywa maji matupu bila chakula haimfai, kwa kuwa maji mengi pasipo chumvi ya chakula, pamoja na dawa, humrudisha kwenye hatari ya Jinja. Anaweza kutoa kitu kingine kwa Bwana: saa ya usingizi, redio, simu. Paulo hakumwambia Timotheo aombe tu juu ya tumbo lake. Hajiri naye, mtoto wake alipokuwa anakufa kwa kiu, alifunguliwa macho akaona kisima, akaenda akajaza kiriba akamnywesha. Na mtu akishuhudia kwamba ameponywa, tutashangilia naye, kisha tutampeleka kliniki apimwe kabla ya kuiacha dawa.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani

1. Katika Kutoka 17 watu walinung'unika kwa kiu, na Musa akaona wanamjaribu Mungu. Je, tumewahi kumhesabia mtu dhambi kwa jambo ambalo lilikuwa ugonjwa wa mwili?

2. Nani katika ukanda wenu anachota maji kuliko wengine, anaamka usiku kuliko wengine, na hakuna aliyemwuliza kwa nini?

3. Kama mgonjwa wa namna hii angezimia leo katikati ya ibada, barua yake iko wapi, nani ataisoma, na ni pikipiki ya nani itakayompeleka?